Sukari Iliyopigwa Picha

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha eksirei nilimkuta bosi wangu akiiamkia mashine. Sitanii. Taa zilikuwa zimezimwa, naye amesimama mbele ya kioo kilichokuwa kikitoa mwanga hafifu wa kijani, mkono wake wa kulia ameupitisha nyuma ya kioo. Pale kiooni niliona mifupa ya vidole vitano ikijikunja na kujikunjua, na pete ya ndoa ikielea kwenye mfupa bila kushikwa na nyama yoyote. "Ugonile?" akaiuliza mashine, kama sisi Wanyakyusa tunavyomwuliza mtu asubuhi kama amelala salama. Kisha akageuka, akaniona mlangoni nimeshika kofia kwa mikono miwili.

"Ingia, kijana," akasema. "Imeamka."

Huo ulikuwa mwaka uliofuata Uhuru. Nilikuwa na cheti cha darasa la nane, suruali moja nzuri, na barua ya kuajiriwa katika hospitali ndogo ya misheni huku kwetu Rungwe. Jina la hospitali siliandiki, maana wenzangu walio hai sikuwaomba ruhusa. Mwenye mkono ule alikuwa na cheo kirefu, Fundi Mkuu wa Eksirei, ingawa chini yake hapakuwa na fundi mwingine ila mimi. Kazi aliifundishwa jeshini wakati wa vita. Wote tulimwita Fundi, kuanzia mpishi hadi Daktari Mfawidhi aliyekuwa mkubwa wetu sote.

Ninyi vijana mnaopiga picha na kuiona papo hapo kwenye kompyuta, niwaeleze kidogo tulivyofanya. Filamu ilikaa ndani ya kaseti, yaani kisanduku bapa kisichopitisha mwanga. Mgonjwa alilala juu ya kaseti au aliikumbatia kifuani, mashine ikapiga, kisha kaseti ikapelekwa chumba cha giza. Humo mlikuwa na taa moja nyekundu na beseni tatu: dawa ya kutoa picha, maji, na dawa ya kuikaza. Kazi hiyo ndiyo tuliyoiita kusafisha. Picha iliyotoka vizuri, mbavu zote zinahesabika, Fundi aliinyanyua juu, ikichuruzika maji, akatamka neno moja tu: "Safi." Sifa kubwa kuliko hiyo hakuwa nayo. Nilifanya kazi miezi minne kabla hajanipa, na siku aliyonipa nilitembea kwa miguu hadi kwetu Ikuti kumwambia mama.

Shida yetu ilikuwa kukausha. Mvua ya Tukuyu mnaijua. Filamu zilining'inia siku mbili na bado ukizigusa zinanata, kwa hiyo tulizipeleka jikoni na kuzianika juu ya meko, na mpishi akawa anapika ugali chini ya mapafu ya watu. Hakuyapenda mapafu yale hata siku moja.

Wagonjwa nao walitufurahisha. Daktari akiandika "apigwe picha", mtu alirudi nyumbani kwanza. Kesho yake alikuja amevaa koti la kanisani, nywele zimechanwa njia, viatu vimepakwa mafuta. Mama mmoja wa Msasani ya hapa Tukuyu alikuja na khanga mpya, akasimama mbele ya mashine akauliza, "Nitabasamu, baba, au nikaze uso?"

"Tabasamu tu, mama," Fundi akamjibu. "Ila hii haitazami meno. Inatazama nyuma ya moyo."

Yule mama akaacha kutabasamu. Mimi nilicheka, lakini ukweli ni kwamba nami nilifikiri hivyo hivyo. Nilidhani eksirei inatazama tu. Neno lenyewe lilinidanganya: picha. Picha humchukua mtu sura yake na kumwacha kama alivyokuwa. Asubuhi nyingi nilisimama nyuma ya Fundi akiiamkia mashine, nikaona mifupa ya mkono wake ikisalimia gizani, na kila mara nilishikwa na uoga mtamu kama ule wa kuingia kanisani peke yangu. Sikuwahi kujiuliza kama ule mkono unatozwa chochote.

Watoto wachanga hawatulii, kwa hiyo mtu alilazimika kuwashika. Mara nyingi aliyewashika ni Fundi. Glavu za madini ya risasi, za kuzuia mionzi, tulikuwa nazo, nzito na ngumu kama gome la mti, lakini ukizivaa huwezi kumshika mtoto bila kumwumiza. Fundi alizitumia kuzuia mlango usigongwe na upepo.

Miaka ikapita. Azimio la Arusha likatangazwa, watu wakahamia vijiji vya ujamaa, sukari ikaanza kuwa kitu cha kupanga foleni. Siku moja ikaja bahasha kutoka ofisi ya serikali ya kukagua mionzi, na ndani yake mna beji mbili. Kila beji ilikuwa kikasha kidogo cheusi chenye pini nyuma na kipande cha filamu ndani, na juu yake imeandikwa namba. Karatasi iliyoambatana nazo ilisema kila mtumishi wa eksirei avae beji yake kazini, kisha kila baada ya miezi mitatu zirudishwe kwa posta zikapimwe.

Hapa ndipo nililofanya mimi lilipoanzia. Fundi aliipenda ile beji mno. Jeshini aliwaona wenzake wakivalishwa nishani, yeye hakuvalishwa, na sasa serikali ya kwetu wenyewe ilikuwa imemtumia yake kwa posta. Siku ya pili dawa ya kutoa picha ikanirukia, ikaacha doa la kahawia kwenye koti, nusura iiguse beji. Nikamwambia, "Fundi, hizi tukizivaa humu zitaharibika. Tuziweke kwenye droo, tuzivae siku za maana." Akanitazama kwa upendo. "Una akili, Asajile," akasema. Nikazifunga kwenye leso nyeupe na kuzitia kwenye droo ya meza ya ofisini, mbali na mashine. Jumapili tulizitoa tukazivaa kanisani, na siku za mikutano ya kijiji pia. Kila baada ya miezi mitatu nilizifuta vumbi na kuzipeleka posta, zikaja nyingine.

Majibu ya kwanza yalikuwa mafupi. Yaliandikwa: "Beji zote mbili: safi."

Naomba mnielewe tulivyofurahi. Neno lile lile! Daktari Mfawidhi aliisoma barua mbele ya wafanyakazi wote asubuhi, akasema idara nyingine ziige mfano wetu. Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo nilizifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na barua hazikubadilika: safi, safi, safi. Fundi alizibandika ukutani kwa mstari.

Mwaka wa nne wa zile barua kucha za mkono wake wa kulia zilianza kupasuka kwa urefu. Ngozi ya vidole ikakauka, ikang'aa, alama za vidole zikafutika. Kisha kikatokea kidonda kwenye kidole cha shahada, kidogo tu, cha kukufanya useme kitapona kesho. Hakikupona. Kikaja cha pili. Kijijini watu wakaanza kunong'ona: mtu anayechungulia mifupa ya watu wangali hai, mifupa nayo itamchungulia. Mke wake alimpeleka kwa waganga wawili. Daktari Mfawidhi alimpa marhamu, kisha akamwuliza mbele yangu, "Fundi, haiwezi kuwa mionzi?"

Fundi akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea ukutani. "Daktari, barua zile hapo. Sisi ni safi."

Daktari akazisoma tena, akafunga kopo la marhamu. Nami niliendelea kukunja bandeji. Sikudanganya kwa makusudi. Nilikuwa sijui. Lakini kila ninapoikumbuka siku ile ninaona aibu, maana mtu mwenye akili niliyosifiwa angejiuliza beji iliyolala ndani ya leso ingejua nini kuhusu mkono wa Fundi.

Mkaguzi wa Mionzi alifika kwa basi la kutoka Mbeya, mvua ikimwandama. Tulitegemea mzee mwenye miwani. Akashuka binti wa Pwani, pengine miaka ishirini na saba, mwembamba, ana mkoba wa ngozi na mkebe wa bati aliokuwa akiukumbatia usilowe. Alimpigia Fundi magoti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu Tukuyu. Umekuja kutupa zawadi?"

"Nimekuja kuuliza," akasema. "Nchi nzima, kila chumba cha eksirei beji zinasoma kitu. Kidogo, lakini kitu. Ninyi miaka minne hazisomi chochote. Wakubwa wangu wanasema ama mashine yenu imekufa, ama..." Hapo akauona mkono wa Fundi, ile bandeji. Hakuimaliza sentensi.

Akaomba kuziona beji. Nikafungua droo, nikaifungua leso mezani. Zilikuwa zinameta. Yule binti alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nani aliagiza zikae humu?"

Nilifungua mdomo, na kabla sijatoa neno Fundi akajibu, "Mimi. Ni amri yangu. Huyu alitii tu."

Sikumsahihisha. Nilikuwa na watoto watatu, na nilijua kazi inaweza kuniponyoka palepale. Nimeandika hayo bila kujitetea.

Mkaguzi hakugomba. Alieleza kwamba "safi" katika ofisi yao maana yake filamu ya ndani haikuguswa na mionzi hata kidogo. Haikuwa sifa. Fundi akatikisa kichwa polepole. "Lakini mwanangu, eksirei hainichomi. Sisikii joto wala baridi. Kitu kisichosikika kinaumizaje?"

"Una chumba cha giza, baba?"

"Ninacho. Ndicho kizuri kuliko vyote Rungwe."

"Basi nitakuonyesha. Naomba glasi mbili za maji ya uvuguvugu, na kijiko cha sukari ya kawaida."

Mpishi alikitoa kile kijiko kwa shingo upande, akatwambia tumrudishie. Tukaingia watatu chumba cha giza, tukafunga mlango, na Mkaguzi akazima hata taa nyekundu. Akasema tusubiri macho yazoee. Tulikaa pale kama robo saa, saa nne ya asubuhi, nje watu wanapita na mikungu ya ndizi, nasi humo hatuoni hata pua zetu. Katika giza hilo akatufundisha. Sauti yake naisikia hadi leo.

Mwili, alisema, umejengwa kwa molekuli, vitu vidogo visivyoonekana kwa darubini ya hospitali. Maji ni molekuli, sukari ni molekuli, na nyama imeundwa kwa molekuli ndogo ziitwazo amino asidi, zimeungana mkono kwa mkono. Kinachozishikanisha sehemu za molekuli ni elektroni. Eksirei ikipita, mara moja moja hugonga elektroni na kuing'oa. Molekuli iliyong'olewa elektroni haitulii, hupasuka. Hata maji hupasuka, na vipande vyake ni vikali mno, kila kimoja kinatafuta jirani wa kumpokonya. Jirani naye anapasuka. Yote hayo yanaisha kabla hujafumba jicho, wala mtu hasikii kitu, kwa kuwa ni vidogo mno kuweza kuuma.

"Mwili una mafundi wake," akasema. "Wanaziba karibu kila siku. Lakini ukiuvunja kila asubuhi, mahali palepale, mafundi wanachoka."

Kisha nikasikia mfuniko wa mkebe ukifunguka. "Hii nayo ni sukari," akasema. "Kwa macho huwezi kuitofautisha na ile ya mpishi, labda imekuwa manjano kidogo. Iliwekwa chini ya mashine yenye nguvu kuliko yenu mara nyingi, siku nyingi mfululizo. Vipande vya molekuli zilizopasuka bado vimo ndani, vimebanwa kwenye chembe kavu, haviwezi kufikiana. Maji yatavifungua. Anza na ya mpishi, baba, glasi ya kushoto."

Tukasikia sukari ikimiminika majini. Giza lilibaki giza.

"Hiyo ni nzima," akasema. "Sasa hii."

Alimtilia Fundi sukari ya mkebe katika kiganja cha mkono wa kushoto. Fundi akaimimina. Na ndani ya glasi ukawaka mwanga.

Sijui niuelezeje. Ulikuwa hafifu, wa samawati, kama mwali wa jiko la mafuta ya taa unapokaribia kuzimika. Ulishuka pamoja na chembe za sukari kuelekea chini ya glasi, ukatanda, ukatulia, ukafifia. Hakukuwa na moto wala moshi wala sauti. Kila nukta ya ule mwanga ilikuwa molekuli zilizovunjika zikikutana mwishowe na kutulia. Nimeona watoto wangu wakizaliwa na wazazi wangu wakizikwa, na bado ninasema sijaona kitu kilichoninyamazisha kama kile.

"Tena," Fundi akasema. Akamimina tena. Ukawaka tena.

Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwa hiyo hii sukari ilipigwa picha."

"Ilipigwa, baba."

"Na haikulalamika."

"Haikulalamika."

"Na mkono wangu haukulalamika." Nikamsikia akipumua. "Miaka yote ile, kila asubuhi, niliupiga picha mimi mwenyewe."

Baadaye Mkaguzi aliwasha taa nyekundu, na Fundi akaishika ile glasi ya kushoto, ya sukari ya mpishi, akainywa yote. "Ndaga fijo," akamshukuru. "Sukari ya foleni haimwagwi."

Wiki ile ile Daktari Mfawidhi alimpeleka hospitali kubwa. Saratani ilikuwa imeingia kwenye vidole. Walikata vitatu, kisha wakakata kiganja chote kuokoa mkono uliobaki. Daktari wa huko alisema angechelewa mwaka mmoja zaidi, tungemzika. Fundi alirudi nyumbani kwake Ikuti, jirani na kwetu, kulima ndizi na chai kidogo, nami nikapewa cheo chake kirefu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuzibandua zile barua ukutani. Beji niliivaa kifuani, ikapata madoa ya dawa, ikawa mbaya kama kitu kilichookotwa njiani. Watoto wachanga tuliwafunga kwa khanga kwenye ubao maalumu aliouchonga seremala, na aliposhindikana mtoto, alimshika mzazi wake aliyevaa aproni ya risasi, mara moja tu, si mtumishi mmoja kila siku. Mashine niliendelea kuiamsha, ila kwa ndizi mbichi niliyoichomeka ufunguo katikati na kuining'iniza nyuma ya kioo badala ya mkono. Nikiuona ufunguo kiooni, mashine imeamka. Wanafunzi waliokuja kujifunza walinicheka, wakaniita Mzee Ndizi. Niliwaacha wacheke, kisha nikawaonyesha picha ya mkono wa Fundi, iliyopigwa kabla haujakatwa.

Baadaye nilipelekwa kozi Dar es Salaam. Huko mwalimu alitueleza habari za glisini, amino asidi iliyo ndogo kuliko zote. Ikipigwa mionzi mingi, sehemu yake yenye naitrojeni hukatika na kuwa amonia. Aliiyeyusha, akaidondoshea dawa ya kupimia, ikageuka rangi mbele yetu. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilimkumbuka mtu mmoja gizani akisema "tena".

Siku nilipostaafu sikwenda kwanza nyumbani. Nilipitia kwa Fundi, mfukoni nina barua ya mwisho ya beji yangu. Alikuwa amezeeka sana, ameketi kibarazani. Alinipa mkono wa kushoto, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Watu wengine walimpa pole kwa kuwa alisalimia kwa kushoto. Mimi nilikwisha kuuzoea.

"Fundi," nikamwambia, "zile beji. Kuziweka kwenye droo lilikuwa wazo langu, wewe ukasema ni amri yako. Sikusema kitu siku ile wala miaka yote hii. Lawama ya mkono wako iko juu yangu."

Alinitazama hadi nikainamisha macho. "Nani alikuambia nimesahau wazo lilikuwa la nani?" akasema. "Mimi ndiye nilikuwa mkubwa, Asajile. Nilitaka nishani. Hata kama ungeniambia nizivae kazini, nisingezivaa." Akavuta shuka lake mabegani. "Lakini nilingoja uje useme. Umechelewa mno, bwana." Akanyoosha mkono kuelekea bahasha iliyochungulia mfukoni mwangu. "Hiyo barua inasemaje?"

Nilimsomea. Kipimo cha miaka yote kilikuwa kidogo, ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, lakini kilikuwapo.

"Kwa hiyo si safi."

"Si safi, Fundi."

"Vizuri," akasema, na uso wake wote ukacheka. "Vizuri sana."

Nilitokwa na machozi, sikuyaficha. Mke wake akaleta chai. Fundi alichota sukari kwa mkono wa kushoto, akaimimina kikombeni mwangu polepole, kisha akaweka shuka lake juu ya kichwa chake na changu ili kuwe na giza, tukainamia kile kikombe wazee wawili, tukatazama.

"Haijawaka," akasema. "Kunywa. Hii ni nzima."